Kutambua Mabuu ya Jodari: Umbo Kwanza, Vidoa Baadaye

Wanaoanza kazi hii hukimbilia vidoa. Mimi huanza na umbo. Weka buu, yaani samaki aliyeanguliwa karibuni, kwenye kisahani chenye maji chini ya hadubini, mwanga utoke pembeni. Jodari mchanga ana kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili chake kinavyostahili, mdomo mpana, miiba kwenye mifupa ya shavu, na utumbo mfupi wa pembetatu uliojikusanya mbele. Kati ya tundu la haja na mahali pezi la chini litakapoota pana pengo la wazi.

Hesabu mapande ya misuli. Jenasi ya Thunnus, yaani jodari wenyewe, ina 39. Ukipita 60, huyo ni Acanthocybium (wahoo). Ukipata 31, ni Scomber (vibua). Wote hao ni ndugu wa jodari. Tatizo ni ndugu wengine wa karibu, Auxis na Euthynnus, ambao nao wana 39, na Katsuwonus (skipjack) mwenye 41: kutofautisha 39 na 41 kwenye buu lililojikunja ni kujitesa bure. Hapo tazama ubongo wa mbele. Katsuwonus huwa na rangi nyeusi hapo mapema. Thunnus mdogo hana. Auxis naye hujaa vidoa karibu na mkia.

Sasa vidoa, vya kutenganisha spishi za Thunnus (kwa kifupi T.), vile vyeusi tu. Vyekundu husaidia buu likiwa bichi, lakini dawa ya kuhifadhia huvifuta. Geuza buu pande zote, ukague mkia juu na chini. Vidoa chini tu, juu hakuna: fikiria T. obesus (jodari wa macho makubwa). Juu na chini: kundi la T. thynnus (bluefin), na hapa bahari uliyovua itakusaidia kuchagua. Mkia mtupu: T. albacares (yellowfin) au T. alalunga (albacore). Hawa wawili huachana kwenye ncha ya taya ya chini, kuanzia takriban milimita 4.5. T. albacares ana doa hapo, T. alalunga hana.

Kwa hiyo pima urefu kabla ya kutaja jina, na uandike kama ncha ya uti wa awali, ule unaotangulia uti wa mgongo, imeshapinda kwenda juu. Buu la milimita 3 lenye mkia mtupu huandikwa “Thunnus sp.”, yaani Thunnus ambaye spishi yake haijajulikana, basi, hata msimamizi akinuna. Kama jina ni lazima, peleka DNA. Ndiyo maana sehemu ya mavuno huiweka kwenye ethanoli tangu chomboni, kwa kuwa fomalini huiharibu DNA.