Somo: Jinsi ya kuhakiki nembo ya ubora kwenye tovuti ya afya

Nembo ya ubora iliyobandikwa chini ya ukurasa wa afya ni picha tu mpaka utakapoibofya. Yeyote anaweza kuinakili. Na hata ikiwa halali, haithibitishi kila sentensi ya tovuti hiyo. Kinachokaguliwa ni utaratibu: nani anaandika, anatoa wapi habari zake, nani anamlipa. Ukilishika hilo tangu mwanzo, hutaipa nembo uzito isiostahili.

Hatua ya 1: Bofya nembo. Nembo hai hukupeleka kwenye tovuti ya shirika lililoitoa, penye cheti chenye jina la tovuti iliyokaguliwa na muda wake. Tazama anwani iliyo juu ya kivinjari. Kama bado uko kwenye tovuti ileile, cheti hicho wamejiandikia wenyewe. Kisha linganisha anwani herufi kwa herufi, kwa sababu cheti cha tovuti moja hakirithiwi na nyingine yenye jina linalofanana. Nembo isipofunguka, nenda mwenyewe kwenye tovuti ya shirika na utafute katika orodha yao.

Hatua ya 2: Hakikisha mpango unaotoa nembo hiyo bado upo. Hapa ndipo wengi hunaswa. Nembo ya HONcode, iliyojulikana kuliko zote, ilianzishwa mwaka 1996 na taasisi ya Health On the Net ya Geneva, Uswisi. Taasisi hiyo ilifunga shughuli zake mwishoni mwa 2022, kwa hiyo nembo ya HONcode unayoiona leo haina anayeisimamia, hata kama siku moja ilipatikana kihalali. Uingereza nako, mpango wa nembo ya Information Standard wa NHS England, shirika la huduma ya afya ya umma, ulikoma mwaka 2019. Mwaka uliofuata shirika la Patient Information Forum likaanzisha nembo yake, PIF TICK.

Hatua ya 3: Kagua ukurasa kwa macho yako. HONcode imekufa, lakini kanuni zake 8 bado ni kipimo kizuri: sifa za mwandishi, habari kutochukua nafasi ya daktari, faragha, vyanzo na tarehe, ushahidi wa madai, mawasiliano, wafadhili, na matangazo kutenganishwa na makala.

Tarehe ndiyo inayodanganya zaidi. Kuna tovuti ambazo mtambo hubadilisha tarehe wenyewe bila mtu kugusa makala. Shuka kwenye vyanzo, utafute kilicho kipya kuliko vyote. Makala inayosema imepitiwa mwezi uliopita, huku chanzo chake kipya kikiwa cha miaka 12 nyuma, ina maswali ya kujibu. Kuhusu fedha, usiishie kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi". Angalia kama makala inaishia kwenye kitufe cha kununua kitu kilekile inachokisifu.

Hatua ya 4: Kama ukurasa unazungumzia tiba, tumia DISCERN. Ni dodoso la maswali 16, kila moja hupewa alama 1 hadi 5. Maswali 8 ya kwanza hupima kama chapisho linaaminika, 7 yanayofuata hupima maelezo ya tiba, la mwisho ni tathmini ya jumla. Ukiwa na haraka, anza na haya matatu: Je, imetaja madhara ya tiba? Imeeleza kitakachotokea mtu asipotibiwa? Imekiri mambo ambayo bado hayajulikani kwa uhakika? Makala za kuuza bidhaa huanguka hapo. Kumbuka DISCERN nayo haipimi usahihi wa kisayansi. Kwa hilo, linganisha na mwongozo wa tiba wa chama cha madaktari au wizara ya afya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, tovuti ikiwa na alama ya kufuli na anwani inayoishia na .org, si inatosha?

Jibu: Haitoshi. Kufuli maana yake mawasiliano kati ya kifaa chako na tovuti yamefichwa kwa wengine. Tovuti ya tapeli nayo huwa nalo. Na .org inasajiliwa na mtu yeyote.

Swali: Isiyo na nembo kabisa niiache?

Jibu: Hapana, mkuu. Kuomba ithibati ni hiari, na tovuti nyingi nzuri hazijawahi kuomba. Ruka hatua mbili za kwanza, anza na ya 3.

Swali: Cheti kikishatolewa, wakibadilisha makala je?

Jibu: Huo ndio udhaifu mkubwa wa mipango hii. Ukaguzi hurudiwa baada ya muda, na katikati hapo makala mpya huingia bila mkaguzi kuziona. Ndiyo maana hatua ya 3 hairukwi hata cheti kikiwa hai.

Swali: Na video?

Jibu: Mwaka 2021 National Academy of Medicine ya Marekani ilitoa kanuni za kutambua vyanzo vya afya mitandaoni: viegemee sayansi, visiwe na upendeleo, viwe wazi na viwajibike. YouTube ilizitumia kuweka maelezo chini ya baadhi ya video za afya. Maelezo hayo yanahusu chaneli, hayaihakiki video moja moja. Tafuta jina la msemaji, taaluma yake, na vyanzo alivyoviandika chini ya video.

Swali: Nina tovuti ya afya, nijiandaeje kuomba nembo?

Jibu: Andika kwanza utaratibu wenu: nani huandika, nani mwenye taaluma hupitia, ushahidi hutafutwa wapi, kosa likionekana hurekebishwa vipi, kila makala hupitiwa upya baada ya muda gani. Kisha weka kumbukumbu za makala kadhaa zilizofuata njia hiyo tangu rasimu hadi kuchapishwa. Utaratibu ulioandikwa bila kumbukumbu hautamridhisha mkaguzi.