Kuweka ukame kwenye Vortex bila kila mnyama kupata ukame wake

Dogo mmoja wa masters hapa Dodoma kaniletea modeli yake ya tandala ya kwenye Vortex (programu ya kompyuta inayokadiria kama kundi la wanyama litadumu au litatoweka), ukame kauandika humo ndani lakini mistari ya grafu imenyooka tu miaka 50 yote. Nimeona nimuandikie vizuri, na wengine mfaidike.

1. Vortex ni ya bure, inatumia Windows. Fungua projekti, jaza spishi, miaka na marudio (simulesheni irudiwe mara ngapi).

2. Kama uwezekano wa ukame ni uleule kila mwaka, nenda Catastrophes, weka frequency 20, basi. Hiyo ni asilimia, ila severity inaenda 0 hadi 1, kwahiyo 0.6 kwenye survival maana yake uwezekano wa kuishi unashuka hadi 60% ya kawaida.

3. Ukitaka ukame uongezeke baadaye, palepale kwenye frequency andika =10+(15*(Y>20)). Y ni mwaka wa simulesheni, sio wa kalenda.

4. Hapa ndo watu wanapotea. Ukitaka ukame uingie moja kwa moja kwenye vifo, wengi wanaandika =10+(30*(RAND<0.2)) (RAND ni namba ya bahati nasibu kati ya 0 na 1) na programu inakubali bila kulalamika, kumbe fomula ya vifo inapigwa upya kwa kila mnyama, yaani kila tandala anapata namba yake, huyu kapata ukame na mwenzie aliyesimama pembeni yake kapata mvua, na kwenye kundi kubwa wote kwa wastani wanaishia vifo 16% kila mwaka, miaka yote inafanana. Sisi huku tuna msimu mmoja wa mvua, mvua ikikatika Februari isirudi, Bahi nzima inaungua, haichagui mnyama. Unachotaka ni miaka minne ya 10% na mmoja wa 40%, kwa wastani, na huo wa 40% ndo unaoua kundi dogo.

Tumia SRAND, hii inatoa namba ileile ukiipa mbegu (namba ya kuanzia) ileile:

=10+(30*(SRAND(Y+(R*1000))<0.2))

R ni namba ya marudio, usiiache kabisa, ukiiacha marudio yote yatakuwa na ukame miaka ileile. Na usizidishe R kwa 100 kama unaenda zaidi ya miaka 100, maana mwaka wa 101 wa rudio la kwanza unagongana na mwaka wa 1 wa rudio la pili, mi naweka 1000 siku zote. Kama una tukio lingine, mfano ugonjwa, ongeza namba kubwa kwenye mbegu yake, la sivyo ugonjwa na ukame vitatokea pamoja kila mara. Una makundi mawili yaliyo mbali? Ingiza na P (namba ya kundi) kwenye mbegu, kila kundi liwe na ukame wake.

5. Ukame unaoacha kovu mwaka unaofuata: mwishoni mwa fomula hiyo ongeza +(15*(SRAND((Y-1)+(R*1000))<0.2)). Inaikumbuka namba ya mwaka jana, ndo maana naipenda kuliko kutengeneza state variable (kigezo cha kutunza kumbukumbu ndani ya modeli). Ila ukame ukifuatana miaka miwili vifo vinafika 55%, jiulize kama spishi yako iko hivyo kweli.

6. Endesha marudio 10 tu kwanza, angalia kila mstari peke yake. Lazima uone ngazi zinashuka ghafla, na miaka tofauti kwa kila mstari. Zikishuka zote mwaka mmoja, R imesahaulika. Zikinyooka, kuna RAND imebaki mahali. Ikikaa sawa ndo upandishe hadi 1000.