Tairi mpya: soma mlango kabla ya kusoma tairi

Ukiingia dukani Kirinyaga Road, swali la kwanza ni "namba gani?" Wengi huinama wakasoma tairi iliyofungwa. Usiiamini. Magari mengi ya Nairobi yalitoka Japani yakiwa yameshatumika, na aliyekuwa nalo kabla yako huenda alibadilisha rimu, au alifunga alichopata siku hiyo. Fungua mlango wa dereva, utazame kibandiko kwenye nguzo yake. Hapo pana saizi ya kiwanda na kiasi cha upepo. Maandishi yakiwa ya Kijapani, tarakimu bado zinasomeka. Upepo hutajwa kwa kPa: 230 ni sawa na PSI 33 hivi kwenye kipimo cha petroli steshoni.

Chukua 195/65R15 91H. 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni alama ya uzito, si kilo: kila tairi inabeba hadi kilo 615. H ni mwendo, mwisho kilomita 210 kwa saa. Uzito na mwendo visishuke chini ya vile vya kiwanda.

Inayopotosha watu ni 65. Si milimita, ni asilimia ya upana: ubavu, yaani mpira kati ya rimu na sehemu inayokanyaga barabara, una urefu wa asilimia 65 ya 195, karibu milimita 127. Kwa hiyo ukihamia 205/65 kwenye rimu ileile, tairi inapanuka na kupanda juu pia.

Piga hesabu kabla ya kulipa. Upana mara asilimia, mara mbili: 195 × 0.65 × 2 = 253.5. Rimu: 15 × 25.4 = 381. Jumla, kipenyo cha tairi nzima ni milimita 634.5. Sasa linganisha. 205/55R16 inatoa 631.9, tofauti isiyofika hata nusu asilimia. Hiyo ni sawa. 195/70R15 inatoa 654, asilimia 3 zaidi: kipima mwendo kikisoma 100, gari liko 103. Hapo ndipo mwisho, na hata kabla ya hapo nafasi inaweza kukosekana. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, upitishe vidole kati ya tairi na plastiki ya madigadi, kisha kati ya tairi na springi. Fanya hivyo gari likiwa na watu, kwa sababu gari tupu linadanganya: tairi husugua likishuka tuta likiwa limejaa.

Upana wa rimu nao una mipaka. 195/65R15 hukaa vizuri kwenye rimu ya inchi 5.5 hadi 7. Tafuta chapa nyuma ya rimu, kama 15x6J. Hiyo 6 ndiyo upana. Tairi pana kwenye rimu nyembamba huvimba katikati na usukani unakuwa mzito wa kujibu.

Rimu kubwa zinapendeza, lakini angalia ubavu. 215/45R17 ina kipenyo cha 625, kinachokubalika, ila ubavu wake ni milimita 97 tu. Mvua ikinyesha, shimo lililojaa maji halionekani. Gari likitumbukia, ubavu mfupi unabanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na kesho yake kunatokea uvimbe kama yai. Uvimbe huo hauzibiki. Tairi hiyo ni ya kutupwa. Kwa barabara zetu, baki na rimu ya kiwanda.

Subaru na gari lolote linaloendeshwa na magurudumu yote manne linahitaji tairi nne za saizi moja, aina moja na kuchakaa kulikolingana. Mbili zikiwa mpya na mbili zimeisha, zinazunguka kwa kasi tofauti muda wote, na difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inapata moto hadi inakufa. Bei yake inazidi tairi mbili ulizookoa.

Ukinunua za mtumba, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT kwenye ubavu, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Soma kila tairi, kwani seti moja mara nyingi imechanganywa. Iliyopita miaka sita iache, hata kama inaonekana mpya.

Zikishafungwa, dai balansi, na nati zikazwe kwa spana ya mkono zikipishana kama nyota. Pitia nati tena baada ya kilomita 100. Na spea pia ikaguliwe: ile nyembamba ya muda haifai kupita kilomita 80 kwa saa.