Somo: Kupandisha Ryzen 5 3600 hadi 4.2 GHz bila kuipika

Somo hili ni la Ryzen 5 3600, prosesa ya AMD, kwenye ubao mama wa B450. Kwenye mbao za X470, X570 na B550 utaratibu ni uleule. Mwenye A320 asihangaike, ubao huo haukubali kuongeza kasi.

Prosesa hii ilitoka Julai 2019: viini 6 (cores), nyuzi 12 (threads), kasi ya msingi 3.6 GHz na kilele 4.2 GHz. Kilele hicho hufikiwa kazi ikiwa nyepesi. Ukirenda video, viini vyote vikabanwa kwa pamoja, kasi hurudi kwenye 3.9 au 4.0 hivi. Tunachotafuta ni viini vyote 6 kubaki 4.2 kwa volteji ndogo kabisa inayowezekana. Kwenye kurenda utapata kama asilimia 5. Kwenye gemu hutaiona sana, na ni vizuri kulijua hilo kabla hujaanza kufungua skrubu.

Kabla ya hatua, hesabu mbili

Ya kwanza ni volteji. Joto la prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volteji. Kutoka 4.0 hadi 4.2 ni ongezeko la asilimia 5. Kutoka 1.20 V hadi 1.35 V ni mara 1.125, na mraba wake ni karibu 1.27, yaani asilimia 27 za joto juu ya lile la mwanzo. Ndiyo maana anayebandika 1.40 V "ili iwe salama" amefanya kinyume kabisa cha usalama.

Ya pili ni joto la chumba. Hitisinki (kipozaji cha chuma kinachokaa juu ya prosesa) haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa inayoizunguka. Namba nyingi unazoona mtandaoni zimepimwa kwenye vyumba vya nyuzijoto 21 au 22. Chumba cha Dar, Tanga au Mombasa mwezi wa Februari bila kiyoyozi kinafika 32. Basi aliyepata 72 kule, kwa vifaa vilevile wewe utapata 82 hapa. Andika tofauti kati ya joto la prosesa na la chumba, maana hiyo ndiyo inayopima kazi yako. Na upime saa nane mchana. Kipimo cha saa tano usiku kitakudanganya.

Hatua ya 1: upozaji. Wraith Stealth inayokuja kwenye boksi inatosha kwa kasi ya kiwandani, haitoshi kwa somo hili. Tafuta hitisinki ya mnara yenye feni ya milimita 120 na mirija 4 ya shaba. Unapong'oa ya zamani, washa mashine ifanye kazi dakika 10 ili grisi iliyo kati ya hitisinki na prosesa ilainike, zima, chomoa waya ukutani, legeza skrubu, kisha izungushe hitisinki kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukiivuta moja kwa moja inaweza kutoka na prosesa yake, na pini za AM4 ziko upande wa prosesa: zikipinda, kuzinyoosha ni kazi ya kushika roho.

Safisha grisi kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichotoa nyuzi. Weka mpya katikati, ukubwa wa punje ya kunde. Kaza skrubu kwa kupishana, zamu kidogo kidogo, ili mgandamizo uwe sawa.

Hatua ya 2: kipimo cha mwanzo. Weka HWiNFO64 (ya kusoma joto na volteji) na Cinebench R23 (ya kuipa prosesa mzigo na kuipa alama). Endesha jaribio la viini vyote la dakika 10 ukiwa bado kwenye mpangilio wa kiwandani. Andika alama, joto la juu kabisa kwenye mstari wa "Tctl/Tdie", na joto la chumba. Hamisha mafaili yako muhimu kwenye diski nyingine, kwa sababu prosesa isiyotulia inaweza kuharibu mafaili bila kutoa ishara yoyote.

Hatua ya 3: BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya ubao mama. Zima XMP (mpangilio unaoongeza kasi ya RAM) kwanza, RAM irudi kasi yake ya msingi. Vinginevyo mashine ikianguka hutajua mkosaji ni RAM au prosesa. Weka "CPU Ratio" 40.00 (yaani 4.0 GHz), na volteji ya prosesa iwe ya kudumu 1.20 V. Volteji ya SoC (ya sehemu nyingine za chipu) iache. "Load-Line Calibration", inayozuia volteji kushuka mzigo ukiwa mkubwa, weka daraja la kati. Angalia mchoro wa BIOS yako kwanza, kwani kwa watengenezaji wengine namba ndogo ndiyo kali.

Hatua ya 4: panda. Cinebench dakika 10. Ikipita, weka 41.00, kisha 41.50, kisha 42.00. Ikianguka, ongeza 0.0125 V na urudie. Mipaka yangu ni hii: 1.30 V, nyuzi 80 kwenye Cinebench, nyuzi 85 kwenye Prime95 (programu ya kuibana prosesa) ya "Small FFTs". Prosesa yenyewe huanza kujipunguza ikifika 95, lakini usiifanye 95 kuwa shabaha. Ukifika 1.30 V na 42.00 bado haitulii, rudi 41.50 na uridhike. Chipu hazilingani.

Hatua ya 5: thibitisha. Prime95 saa moja, halafu siku mbili tatu za kazi za kawaida. Fungua "Event Viewer" ya Windows utafute WHEA-Logger (kumbukumbu ya makosa ya vifaa). Ukiikuta, hata kama mashine haikuzima, ongeza volteji hatua moja au shusha kasi. Baada ya hapo ndipo urudishe XMP.

Ikikataa kuwaka kabisa: chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwasha kwa sekunde 15, toa betri ya CR2032 dakika 5, rudisha. BIOS itarudi kiwandani.

MASWALI

Mkuu, mbona kabla sijagusa kitu HWiNFO inaonyesha 1.45 V, na wewe unasema mwisho 1.30?

Hiyo 1.45 prosesa hujipa yenyewe kwa muda mfupi, mzigo ukiwa mdogo na mkondo mdogo. Viini vyote vikibanwa huishusha. Ukiweka 1.45 ya kudumu, inabaki hapohapo hata mkondo ukiwa mkubwa, na hapo ndipo chipu inapozeeka haraka.

Nimefika 4.3 kwa 1.22 V, haizimi, lakini alama za Cinebench zimeshuka. Inakuwaje?

Volteji haitoshi, kwa hiyo prosesa inajivuta ili isianguke. Angalia mstari wa "Effective Clock" (kasi halisi) kwenye HWiNFO wakati wa mzigo, utaukuta chini ya 4.3. Mstari huo ukiwa sawa, angalia joto la saketi za kushusha umeme pembeni ya prosesa. B450 nyingi za bei nafuu hazina hitisinki hapo, na zikichemka ubao hupunguza kasi.

Nimefunga hitisinki mpya, sekunde 5 tu imegonga 95!

Zima sasa hivi. Mara nyingi ni karatasi ya plastiki ya chini ya hitisinki haikubanduliwa, au skrubu moja haijashika. Hakikisha pia feni iko kwenye "CPU_FAN".

Kaka, mimi nina OptiPlex 7040 yenye i5-6500. Sioni hizo menyu.

Hutaziona. i5-6500 imefungwa, na ubao wa Q170 haukutengenezwa kwa hili. Kwa Intel ya kizazi hicho ulihitaji prosesa yenye herufi K na ubao wa Z170. Pesa yako iweke kwenye SSD na RAM mbili zinazofanana.

Na 5600X nifuate namba hizihizi?

Hapana. Kilele chake ni 4.6 GHz, ukiifunga kwenye kasi moja ya chini utapoteza kasi kwenye kazi za kiini kimoja. Tumia PBO (inayoiacha prosesa ijipandishe yenyewe) na "Curve Optimizer" (inayopunguza volteji yake), anza hasi 10 kwa viini vyote, ukipita nenda hasi 15. Ikiwa hasi hiyo ni kali mno, mashine huanguka ikiwa imetulia au unafungua kivinjari, si kwenye Cinebench. Iache ikiwa imewaka usiku mzima bila kazi kabla hujaiamini.