Jinsi ya Kutengeneza Katuni Fupi kwa Kufuata Fantasmagorie ya 1908

Fantasmagorie, katuni ya mchoraji Mfaransa Émile Cohl iliyoonyeshwa Paris tarehe 17 Agosti 1908, haifiki hata dakika mbili, lakini sijapata mwalimu bora kuliko hiyo kwa anayeanza kuchora katuni. Itazame mara moja bila kuisimamisha, kisha uirudie polepole ukikazia macho chupa ya mvinyo inayogeuka ua. Chupa haiondoki ili ua lipate nafasi; mistari iliyoifanya chupa ndiyo inayojikunja na kulifanya ua. Huo ndio ufundi unaotakiwa kuujifunza.

Cohl alichora michoro ipatayo 700 kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, akiweka kila karatasi juu ya iliyotangulia kwenye kioo chenye taa chini yake, na kila mchoro akaupiga picha mara mbili. Filamu ilipochapishwa kwa negativu, yaani nyeusi ikageuka nyeupe na nyeupe ikawa nyeusi, mistari ikawa myeupe kama chaki ubaoni.

Kwa sekunde tano, wewe unahitaji michoro 40 tu, ukionyesha picha 16 kwa sekunde na kila mchoro mara mbili. Chagua vitu viwili unavyovijua vizuri. Mimi huwapa wanafunzi wangu matatu na korongo wanaotua kwenye miti karibu na uwanja wa Nyayo: paa la gari linapinda kuwa mgongo, boneti inachongoka kuwa mdomo, magurudumu yanarefuka kuwa miguu. Chora kwanza mwanzo, mwisho na katikati, ndipo ujaze nafasi zilizobaki.

Kioo cha dirisha kinatosha kunakilia, ingawa mwezi wa Julai, mawingu yanapoifunika Nairobi kutwa, ni heri kuweka kipande cha kioo juu ya taa. Bandika kwenye kioo vipande viwili vya kadi vikutane kama herufi L, ili kila karatasi ikae pale pale ilipokaa mwenzake.

Simu ya kupigia picha michoro ifungwe imara, na mwanga wa kamera uzuiwe usijirekebishe wenyewe. Mara ya kwanza nililisahau hili, na kazi ya siku mbili ikatoka ikipepesa kama balbu inayotaka kuungua. Mwishowe geuza rangi kuwa negativu kwa programu ya kuhariri.

Picha za mwanzo kabisa ziwe za mkono wako ukichora mstari wa kwanza, kama Cohl alivyouacha mkono wake uonekane ukimchora mhusika wake.