Kabla Bendi Yenu ya Roki Haijaingia Studio Dodoma

Studio nyingi za hapa Dodoma zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja na maiki moja. Msanii anafika, prodyuza ana biti tayari kwenye kompyuta, anaimba, analipa, anaondoka. Kwa bongo fleva au singeli utaratibu huo unatosha kabisa. Ninyi mnakwenda watu wanne au watano, na dramu, na amplifaya mbili, na wimbo mpya ambao hata ninyi wenyewe hamjakubaliana unaishaje. Mkipiga simu mtaambiwa "njooni tu, tutapanga hapahapa." Msiende.

Malizeni wimbo kwanza. Rekodini mazoezi kwa simu, kila mtu asikilize akiwa kwake, kisha andikeni kwenye karatasi: utangulizi, ubeti, kiitikio mara ngapi, solo inaanzia wapi, nani anamaliza. Mkibishana haya studio, mnabishana kwa hela, maana saa inahesabika.

Spidi nayo iandikwe. Mpiga dramu ajizoeze na kliki, yaani mlio wa kuhesabia spidi masikioni, wiki mbili kabla, siyo siku ile. Najua atakataa, wote hukataa, watasema kliki inaua hisia. Apige hivyohivyo.

Nyuzi mpya zifungwe siku moja au mbili kabla ili zipate kutulia. Stiki za akiba, piki, betri za pedali, kebo mbili zaidi ya mnazohitaji. Hayo mnayajua.

Sasa dramu, na hapa nitakaa kidogo.

Kuna vijana wa Nkuhungu ninaowafahamu vizuri, kwa sababu mpiga dramu wao alikuwa akipiga kwenye kanisa ambalo mimi ndiye ninayekaa kwenye mixa. Walikuwa na wimbo mzuri, kiitikio chake kinakutikisa kichwa hata kama hutaki. Wakachanga hela, wakakodi kirikuu, wakapakia seti nzima ya dramu hadi studio moja mjini. Prodyuza, kijana mchapakazi, akawapokea vizuri hadi soda akawanunulia. Tatizo lilikuwa mezani kwake: saundikadi, kile kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta, yenye matundu mawili tu ya maiki. Seti ya dramu ina dramu la mguu, sneya, tomu mbili au tatu, hai-hati na matoazi. Akasimamisha maiki mbili juu ya mpigaji, akapima sauti, na kwenye spika zake ndogo ikasikika safi. Wakashangilia. Wakaweka besi, wakaweka magitaa, wakaimba mpaka saa nne usiku, wakarudi nyumbani wakijua wamemaliza.

Siku ya kumiksi, yaani kusawazisha sauti zote pamoja, mwimbaji akaomba hai-hati ipunguzwe, maana ilikuwa inachachatika juu ya kila neno. Prodyuza akaipunguza, sneya ikazama nayo. Akapandisha dramu la mguu, matoazi yakapanda pia. Kila kitu kilikuwa kimeingia kwenye chaneli zilezile mbili, na chumvi ikishayeyuka kwenye mchuzi hakuna wa kuichota. Wakaamua kurudia dramu. Mpigaji wao alikuwa ameshapata kazi Kahama, ameondoka. Wakamtafuta mwingine, akashindwa kufuata, kwa sababu wimbo ulipigwa bila kliki na kiitikio cha pili kilikuwa kinakimbia kuliko cha kwanza. Mwisho prodyuza akawawekea dramu za kompyuta, akizisogeza moja moja kwa mkono mpaka alfajiri. Wimbo ulitoka. Ukiusikiliza utadhani bendi iko chumba kimoja na dramu ziko kwa jirani. Hela iliyoishia kwenye marekebisho ingetosha wimbo wa pili.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata advansi, mmoja wenu aende studio kwa miguu yake akahesabu matundu. Asiulize "mna vifaa?", maana jibu ni ndiyo kila mahali. Aulize: saundikadi inapokea maiki ngapi kwa wakati mmoja? Stendi ziko ngapi? Hedifoni ngapi zinafanya kazi pande zote mbili? Mmewahi kurekodi dramu za kupigwa humu, na naweza kuzisikiliza? Kwa dramu peke yake maiki nne ndiyo chini kabisa: mguu, sneya, na mbili za juu. Nane ni raha. Pungufu ya nne, dramu zirekodiwe kwingine.

Kwingine ni wapi? Kanisani. Makanisa mengi ya mjini yana dramu nzuri kuliko studio, na baadhi yana mixa za kidijitali. Behringer X32, kwa mfano, inatoa chaneli 32 kwa waya mmoja wa USB, kila maiki na chaneli yake, moja kwa moja hadi kwenye laptop. Mnarekodi dramu pale, mnabeba faili, mengine mnafanyia studio. Ombeni kwa mchungaji kwa adabu na mapema, siyo kupitia kwa mpiga kinanda usiku. Mpelekeni mashairi ayasome, kwa sababu roki ina sifa mbaya kwa wazee wa kanisa na ni heri maswali yaulizwe kabla dramu hazijaanza kulia. Angalieni pia ratiba ya kwaya. Ukumbi wenye vigae sakafuni unarudisha mwangwi, hivyo bebeni mazulia na magodoro muyasimamishe nyuma na pembeni ya dramu. Mtaonekana kama mnahama nyumba. Muonekane tu.

Tarehe ipangwe kwa kuangalia mbingu. Mvua za Dodoma ni kati ya Desemba na Aprili, na chumba chenye bati lisilo na dari nene hakirekodi kitu mvua ikishuka. Julai na Agosti upepo unapuliza vumbi na kugongesha madirisha. Oktoba na Novemba ni joto, na joto lina hila yake: kiyoyozi kinapiga kelele, kwa hiyo kinazimwa mkianza kurekodi. Chumba kinapanda joto, nyuzi zinalegea, na kufikia teki ya tano, yaani mara ya tano ya kurekodi, magitaa yameshuka bila mtu kugundua kwa sababu yameshuka pamoja. Kisha kinanda kinaingia, na kinanda hakishuki. Tyuni kabla ya kila teki, kila teki, hata kama prodyuza anaangalia saa. Gitaa lililotoka Dar es Salaam hivi karibuni liangaliwe zaidi: mbao zilizozoea unyevu wa pwani hukauka huku kwetu, shingo inabadilika mkunjo na nyuzi zinaanza kukwaruza kwenye freti. Lipelekeni kwa fundi wiki moja kabla.

Umeme. Ulizeni uniti za LUKU zimebaki ngapi, kwa utani kama mnaona aibu, lakini mjibiwe. Kompyuta iwe na UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, na prodyuza asevu kila baada ya teki. Amplifaya zikivuma "mmmm" bila mtu kugusa gitaa, mara nyingi tatizo ni waya wa ethi, ule unaoingia ardhini: udongo wetu kiangazi ni mkavu mno na haupitishi umeme vizuri, hivyo nondo iliyochimbiwa pale nje inaweza kuwa pambo tu. Jaribuni kuchomeka vifaa vyote kwenye soketi moja. Mvumo huo ukiingia kwenye teki mtaishi nao, na pedali ya distoshani itauongeza mara dufu. Msikubali kuambiwa utatolewa kwenye miksi.

Kama mnataka ladha ya nyumbani, ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) au zeze la Kigogo juu ya magitaa, wazo ni zuri. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alipeleka ilimba hadi kwenye studio za Uingereza na ikasimama. Lakini ilimba haijui habari za 440, kile kipimo cha kutyunia kwenye programu ya simu yako. Vyuma vyake vimepangwa kwa sikio la mwenye nayo, na kuvisogeza ni kazi ya taratibu. Mwiteni mpigaji kwenye mazoezi, magitaa na besi viifuate ilimba, na kiwango hicho kiandikwe. Kinanda nacho kirekebishwe kwa senti (vipimo vidogo vya sauti, siyo hela), wengi hawajui kwamba kinaweza.

Faili: ombeni WAV ya biti 24 na 48 kHz, siyo MP3 ya kutumiana WhatsApp. Chaneli moja ya hivyo inakula karibu MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye chaneli nane ni kama MB 276 kwa teki moja, na mtarudia teki nyingi. Flashi ya kuazima haitoshi, nendeni na diski, na msitoke mlangoni kabla hamjaifungua kwenye kompyuta nyingine na kusikia sauti ikitoka.

Makubaliano yaandikwe siku ya advansi: bei ni ya saa au ya wimbo, miksi na masta (umaliziaji wa sauti baada ya miksi) vimo au havimo, mnapewa mradi wote au matokeo tu, na prodyuza ana fungu kwenye utunzi au amelipwa akamaliza. Na ninyi kwa ninyi pia, nani kaandika mashairi, nani katunga wimbo. Majina hayo mtayahitaji mkienda kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kuyatafuta wakati mmeshagombana ni mateso.

Mengine madogo. Mwimbaji anywe maji kuanzia siku mbili kabla, hewa ya huku inakausha koo, na soda ya baridi aiache. Kuleni kabla ya kwenda. Marafiki na wachumba wabaki nyumbani, kila mgeni chumbani ni kikohozi na kiti kinacholia. Simu zizimwe, siyo kuwekwa mtetemo tu, maana gitaa linazisikia. Mtu asirushe kipande cha wimbo kwenye status kabla haujamilika. Usafiri wa kurudi uwe umepangwa mchana, kwa sababu saa sita usiku na amplifaya begani bajaji zitawatajia bei zinazotaka, na usikubali mzigo utangulie bila mtu wenu kukaa juu yake.