Kuweka na Kutumia Kifaa cha Hifadhi ya Mtandao Nyumbani

Picha za familia, vyeti vilivyoskaniwa, hati za kazi na video za sherehe mara nyingi hutawanyika katika simu kadhaa, kompyuta mbili tatu na diski ya kubebeka ambayo hakuna anayekumbuka iliwekwa wapi. Kifaa cha hifadhi ya mtandao, ambacho wengi hukiita NAS, huvikusanya vyote mahali pamoja. Ni kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi, yenye nafasi za kuingizia diski mbili au zaidi, inayounganishwa na ruta na kukaa ikiwaka saa zote, ili kila mwenye ruhusa afungue faili zake akiwa kwenye chombo chochote kilichomo katika mtandao wa nyumba hiyo. Kazi ya kukiweka si ngumu. Kinachohitaji utulivu ni maamuzi machache ya mwanzo, kwa kuwa baadhi yake hayabadilishiki baadaye bila kufuta kila kitu, pamoja na kuelewa vizuri kifaa hiki kinalinda nini na hakilindi nini.

Diski na mpangilio wake

Kampuni kama Synology na QNAP huuza kifaa kamili chenye mfumo endeshi wake, na mara nyingi mnunuzi hutakiwa kuongeza diski tu. Mwenye kompyuta ya zamani ambayo bado ni nzima anaweza kuweka ndani yake mfumo wa bure kama TrueNAS au OpenMediaVault, akapata huduma zilezile kwa kazi kubwa zaidi ya kujifunza. Kwa anayeanza, ninapendekeza njia ya kwanza, ingawa kanuni zinazofuata hapa zinahusu njia zote mbili.

Jumlisha ukubwa wa faili zote ulizo nazo sasa, kisha nunua nafasi isiyopungua mara mbili ya jumla hiyo, kwa sababu video zinazorekodiwa na simu za siku hizi hujaza diski haraka kuliko watu wanavyotarajia. Chagua diski zilizotengenezwa kwa ajili ya NAS, yaani zilizokusudiwa kuzunguka usiku na mchana na kuvumilia mtikisiko wa diski zilizo jirani. Kabla ya kulipa, soma karatasi ya maelezo ya mtengenezaji ili uone kama diski ni ya aina ya CMR au SMR, ambazo ni njia mbili tofauti za kupanga data juu ya diski. Katika diski za SMR, njia za kuandikia data hupandana kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha sehemu moja hulazimu kuandika upya na zile zinazoifuata; katika za CMR njia hizo hazipandani. Kwa diski ya kubebeka inayojazwa mara moja jambo hilo halina madhara makubwa, lakini ndani ya NAS linaweza kurefusha sana kazi ya kujaza diski mpya baada ya nyingine kuharibika, na huo ndio wakati data yako iko hatarini zaidi. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya vifaa hivi, zilikuwa za SMR, na baadaye ikazitenga zile za CMR kwa jina la WD Red Plus. Kwa hiyo jina la diski pekee halitoshi. Tafuta herufi CMR.

Mpangilio wa diski, unaojulikana kama RAID, ndio uamuzi mzito kuliko yote. RAID 1 huandika data ileile katika diski mbili, kwa hiyo diski mbili za terabaiti 4 hukupa terabaiti 4 za matumizi, na mojawapo ikifa, nyingine huendelea na kazi bila faili kupotea. RAID 5 huhitaji diski tatu au zaidi na huvumilia kifo cha diski moja. Diski tatu za terabaiti 4 hutoa terabaiti 8. RAID 6 huhitaji diski nne au zaidi na huvumilia vifo viwili. RAID 0 huunganisha nafasi ya diski zote bila ulinzi wowote, na diski moja ikifa, data ya zote hupotea, hivyo haifai kabisa kwa kumbukumbu za familia. Kwa nyumba nyingi RAID 1 yenye diski mbili inatosha, na urahisi wake ni faida kubwa siku ya matatizo. Usishangae ukiona diski ya terabaiti 4 inasomeka kama 3.6 hivi, kwa kuwa watengenezaji huhesabu kwa makumi na mifumo mingi huhesabu kwa 1024.

Kifaa kikikupa nafasi ya kuchagua mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga faili ndani ya diski, chagua Btrfs au ZFS badala ya ext4. Mifumo hiyo miwili hugundua data iliyoharibika kimyakimya ndani ya diski, tena ina uwezo wa kuweka snapshoti, ambazo nitazieleza mbele. Uamuzi huu ni miongoni mwa yale yasiyobadilishika bila kufuta diski.

Kuunganisha na kuwasha

Weka kifaa mahali penye hewa, pasipo na vumbi jingi, mbali na maji na mbali na miguu ya wapita njia, wala usikifungie kabatini, kwa sababu joto hufupisha maisha ya diski. Ingiza diski kifaa kikiwa kimezimwa. Kabla ya kuziingiza, andika namba ya utambulisho ya kila diski kwenye kibandiko na ukibandike mbele ya nafasi yake. Hiyo ni kazi ya dakika mbili ambayo siku moja itakuzuia kuchomoa diski nzima badala ya mbovu.

Unganisha kifaa na ruta kwa kebo ya etaneti, si kwa Wi-Fi. Simu na kompyuta zinaweza kutumia Wi-Fi, lakini kifaa chenyewe kinahitaji njia thabiti. Tumia kebo ya Cat 5e au ya daraja la juu zaidi, kisha hakikisha katika ukurasa wa mipangilio kwamba kasi ya muunganisho inasomeka megabiti 1000 kwa sekunde. Ikisoma 100, mara nyingi tatizo ni kebo, kwa kuwa kasi ya 1000 hutumia jozi zote nne za nyaya zilizomo ndani yake ilhali ya 100 hutumia jozi mbili tu, hivyo waya mmoja uliokatika hushusha kasi bila kuua muunganisho. Tofauti si ndogo: kunakili terabaiti 2 kwa muunganisho wa 1000, ambao kwa kawaida hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, huchukua kama saa 5, na kwa muunganisho wa 100 kazi ileile huzidi siku mbili.

Washa kifaa, subiri dakika chache, kisha fungua kivinjari katika kompyuta iliyo kwenye mtandao huohuo na uandike anwani ya IP ya kifaa, yaani namba inayokitambulisha kwenye mtandao, ambayo utaiona katika orodha ya vyombo vilivyounganishwa kwenye ukurasa wa ruta. Anwani hiyo aghalabu huanza na 192.168. Mfumo utakuonya kwamba diski zitafutwa. Onyo hilo ni la kweli, kwa hiyo usiingize kamwe diski yenye nakala pekee ya faili unazozihitaji.

Tengeneza akaunti ya msimamizi yenye jina lisilo «admin», na kama akaunti ya jina hilo tayari ipo, ifunge, kwa sababu wavamizi hulijaribu kabla ya mengine yote. Mpe msimamizi nenosiri refu lisilotumika kwingine, washa uthibitishaji wa hatua mbili, unaodai nenosiri pamoja na tarakimu kutoka kwenye simu yako, na hakikisha saa ya kifaa inajirekebisha yenyewe kupitia intaneti, kwa maana saa ikipotoka, tarakimu zinazotolewa na simu zitakataliwa. Sakinisha masasisho yote kabla ya kunakili faili hata moja. Kisha rudi kwenye ruta uagize kwamba kifaa hiki kipewe anwani ileile kila mara. Usipofanya hivyo, anwani inaweza kubadilika baada ya umeme kukatika na kompyuta zote zikashindwa kukipata.

Watumiaji na folda

Kila mtu wa nyumbani apewe akaunti yake, na akaunti ya msimamizi itumike kwa mipangilio tu. Tengeneza folda ya pamoja, kwa mfano «picha», ambayo wote wanaweza kuisoma lakini wachache tu wanaweza kufuta kilichomo, na folda ya faragha kwa kila mtu. Ubaguzi huu wa ruhusa si dalili ya kutoaminiana: kompyuta ya mtu mmoja ikiingiliwa na programu hasidi inayofunga faili ili kudai fidia, programu hiyo itaweza kuharibu yale tu ambayo mtu huyo ana ruhusa ya kuyabadilisha.

Itifaki ya SMB, yaani lugha ambayo vyombo hutumia kufungua folda za kifaa kupitia mtandao, inatosha kwa Windows, Mac, Linux na simu. Katika mipangilio yake, weka SMB2 kuwa toleo la chini kabisa linalokubaliwa. Toleo la kwanza, SMB1, lina kasoro zilizotumiwa na programu hasidi ya WannaCry mwezi Mei 2017 kusambaa duniani, na halina tena sababu ya kuwashwa. Katika Windows, fungua dirisha la faili na uandike kwenye upau wa anwani \\192.168.1.20\picha, ukiweka anwani na jina la folda yako; katika Mac, ukiwa ndani ya Finder, bonyeza Command na K, kisha uandike smb://192.168.1.20. Kwa simu, watengenezaji wengi wana programu yao inayopakia picha mpya kila simu inapofika nyumbani, na kwa maoni yangu huduma hiyo peke yake inahalalisha gharama ya kifaa.

Nakala rudufu

Hapa ndipo watu wengi hupotoka, wakidhani kwamba RAID ni nakala rudufu. RAID hulinda dhidi ya jambo moja tu, kifo cha diski. Mtoto akifuta folda, imefutwa katika diski zote mbili kwa wakati uleule. Programu hasidi ikifunga faili, zimefungwa kotekote. Kifaa kikiibwa au kikiungua, diski zote huondoka pamoja.

Kinga ya kwanza ni snapshoti, yaani kumbukumbu ya hali ya faili zote kwa saa fulani. Huchukua nafasi ndogo kwa kuwa huhifadhi yaliyobadilika tu, na mtumiaji wa kawaida hawezi kuzihariri. Panga ziwekwe kila siku na zitunzwe kwa mwezi mmoja. Hata hivyo, snapshoti hukaa ndani ya diski zilezile, kwa hiyo hazitoshi. Kanuni inayofuatwa na wengi ni ya 3-2-1: nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa nje ya nyumba. Njia nyepesi ya kuitimiza ni kununua diski mbili za kubebeka na kuzibadilishana: moja inakiliwe kila wiki na kuchomolewa mara inapomaliza, nyingine ikae kwa ndugu au ofisini. Diski iliyochomolewa haifikiwi na mvamizi yeyote. Anayependelea huduma ya wingu aisimbe data, yaani aigeuze isisomeke bila ufunguo, kabla haijatoka nyumbani, na ufunguo wa usimbaji autunze nje ya kifaa, hata kama ni kwenye karatasi, kwa sababu ukipotea hakuna atakayeweza kumsaidia.

Kisha jaribu kurejesha. Kila baada ya miezi michache, chukua folda moja kutoka kwenye nakala, irejeshe mahali tofauti, na ufungue picha na hati zilizomo. Kazi ya kunakili inaweza kuandika «imefanikiwa» kila wiki huku ikiruka folda uliyosahau kuichagua, na jaribio hili ndilo litakalolifichua.

Kufikia faili ukiwa mbali

Usifungue bandari ya ruta, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti, kuelekea kwenye kifaa, na uzime UPnP, huduma ya ruta inayoruhusu vyombo kujifungulia bandari, ili kifaa kisiifungue chenyewe. Mwezi Januari 2022 programu hasidi ya DeadBolt ilifunga faili za wamiliki wengi wa vifaa vya QNAP vilivyokuwa vikifikika moja kwa moja kutoka intaneti, ikawadai fidia. Tumia VPN, yaani njia ya siri iliyosimbwa kupitia intaneti, kama WireGuard au Tailscale, ambayo huifanya simu yako ionekane kana kwamba iko nyumbani, huku intaneti nzima ikiwa haioni mlango wowote wa kugonga.

Matunzo

Umeme ukikatika wakati diski inaandika, faili zinaweza kuharibika. Unganisha kifaa na UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, yenye waya wa USB, kisha washa mpangilio unaokifanya kijizime taratibu betri inapokaribia kwisha. Agiza pia jaribio fupi la S.M.A.R.T., ambalo diski hujipima afya yake yenyewe, kila wiki, jaribio refu kila mwezi, na ukaguzi wa data yote kila baada ya miezi mitatu hivi. Maonyo yatumwe kwa barua pepe unayoisoma kweli, na utume moja la majaribio leo ili uhakikishe linafika.

Likija onyo kwamba diski imeanza kuwa na sekta mbovu, yaani vipande visivyoweza tena kuhifadhi data vizuri, fanya nakala mpya ya faili muhimu kwanza, ndipo ununue diski nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi. Linganisha namba iliyo kwenye onyo na ile iliyo kwenye kibandiko, chomoa diski hiyo tu, ingiza mpya, na uanzishe ukarabati kutoka kwenye ukurasa wa mipangilio. Ukarabati unaweza kuchukua saa nyingi, hata zaidi ya siku nzima kwa diski kubwa, na kwa muda wote huo usikizime kifaa wala usinakili faili kubwa. Diski ya zamani usiitupe ikiwa na data. Ikiwa bado inasomeka, ifute kikamilifu kwa kompyuta, na ikiwa haisomeki, itoboe.